Salzburg ya siku moja: hiyo pasipoti unayotaka kuiacha hosteli

Itoe. Hiyo pasipoti iliyoko chini ya sanduku, itoe sasa hivi, itie kwenye mfuko wa ndani wa koti utakalovaa Jumamosi, vuta zipu, halafu rudi tuongee.

Mkuu, umeuliza humu jukwaani mambo matano: tiketi gani ya kutoka Munich, Ujerumani, hadi Salzburg, Austria, viatu gani vya theluji, upande ngomeni au uingie nyumba ya Mozart, asiyekula nguruwe atakula nini sokoni, na mwisho kabisa, kama mtu anayetupa ganda la karanga dirishani, ukaandika kwamba pasipoti unaiacha hosteli isije ikapotea kwenye msongamano wa soko la Krismasi, maana mwenyeji wako kakwambia "hiyo ni Schengen, mpaka hakuna, picha kwenye simu inatosha", yaani zile nchi za Ulaya zilizokubaliana kufuta ukaguzi wa mipaka kati yao. Watu kumi na mmoja wameshachangia. Wote soksi. Soksi za sufu, soksi mbili mbili, soksi za kupandia milima. Hakuna hata mmoja aliyeigusa hiyo sentensi ya mwisho. Mimi nimeisoma, kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikaanza kuwasha chenyewe. Huko mbele utajua kwa nini.

Nilikuwa kama wewe hivyo hivyo. Desemba 2022, niko Munich kwa viza ya kozi ya lugha, mwezi wa nne tangu nitoke Tanga, na baridi kali kuliko zote nilizowahi kuzionja ilikuwa ya Lushoto mwezi wa saba. Jumatatu ya tarehe 19 nilikuwa na mtihani wa Kijerumani wa B1, ngazi ya kati. Jumamosi ya tarehe 17 tukasema tukapunguze mawazo: mimi, dada mmoja wa Nairobi niliyesoma naye darasa moja, na kijana wa Kibrazili. Tukakata Bayern-Ticket moja, tiketi ya siku moja ya treni za mikoa za jimbo la Bavaria, ya watu watatu, majina yetu yote yameandikwa, imo kwenye simu ya yule dada. Shika hapo: kwenye simu ya dada.

Ijumaa usiku nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp kama nibebe pasipoti. Kulikuwa na jamaa tukimwita Balozi. Ubalozi wowote hana, ila amekaa Ujerumani miaka kumi na saba na hakuna swali linalompita, kuanzia bima ya afya mpaka jinsi ya kupika makande kwa maharage ya kopo. Akanijibu kwa sauti, sekunde tisa, na mpaka leo sijaifuta: "Dogo, Ulaya hii ni nyumba moja. Pasipoti ya nini? Utaibiwa huko sokoni uanze kulia. Piga picha, lala." Nikapiga picha, nikalala. Nilipiga ukurasa wenye sura yangu tu. Ule wenye viza sikuupiga, kwa sababu Balozi alisema picha, hakusema picha mbili.

Na safari ya kwenda ikampa Balozi ushindi. Treni ikapita Rosenheim, ikapita kandokando ya ziwa Chiemsee, milima ya Alps ikajipanga dirishani kama tuliyoiona kwenye kalenda za ukutani tukiwa wadogo. Baada ya Freilassing, sitesheni ya mwisho ya Ujerumani, unavuka mto Saalach. Upande huu Ujerumani, upande ule Austria. Hakuna kizuizi, hakuna askari, hakuna mtu wa kukuuliza hata umeamkaje. Dalili pekee ya mpaka ilikuwa meseji ya kampuni ya simu: karibu Austria. Nikamgeukia dada wa Nairobi nikamwambia, "Unaona? Nyumba moja." Yeye pasipoti yake ilikuwa kwenye kipochi shingoni, ndani ya sweta. Nilimcheka. Nilimwambia anaonekana kama mama anayekwenda kuhiji.

Hapo ndipo mtego ulipo, mkuu, na ndiyo maana wenyeji wengi wanaapa kwamba hakuna ukaguzi: wanakumbuka kwenda. Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Austria Septemba 2015, wakati wakimbizi walipokuwa wakiingia kwa maelfu, na tangu hapo umekuwa ukiongezwa muda na kuongezwa tena. Wanakagua wanaoingia Ujerumani. Maana yake wanakukagua unaporudi, umechoka, una njaa, soksi zimelowa, na pasipoti iko kilomita mia na arobaini mbele yako ikilala.

Mji wenyewe ni mzuri, sikatai. Soko la Krismasi limejibana mbele ya kanisa kuu, Domplatz na Residenzplatz, na hewa yote ni karafuu na mdalasini, ukifumba macho utadhani umeingia nyumba ya harusi pilau iko jikoni. Mimi nilikunywa ile ya watoto isiyo na pombe, Kinderpunsch. Unalipia na rehani ya kikombe, ukikirudisha unarudishiwa hela yako. Sikukirudisha, ninacho hapa mezani, ndicho kitu pekee nilichotoka nacho safari ile bila hasara.

Halafu tukapanda ngome ya Hohensalzburg. Ilianza kujengwa mwaka 1077, na upepo wa pale juu nadhani ni ule ule wa mwaka 1077, hawajaubadilisha. Nyuzi hasi saba mchana. Nikavua glavu nimrekodie mdogo wangu video: mto Salzach chini, makuba ya makanisa, mapaa meupe. Simu ilikuwa na chaji asilimia 41. Nikasema, "Haya, Salzburg hii hapa", kioo kikawa cheusi. Nikabonyeza, nikapuliza, nikaitia kwapani kama mama anayepima mtoto homa. Kimya. Betri za simu zikipata baridi ya namna ile zinaishiwa nguvu, simu inazima na chaji imo ndani. Ikipata joto inaweza kufufuka. Yangu ilifufuka sitesheni, ikaonyesha asilimia 3, ikaaga tena.

Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Pasipoti: hosteli. Picha ya pasipoti: ndani ya simu iliyokufa. Tiketi: kwenye simu ya mtu mwingine. Mimi: natafuna soseji ya kuku, nina furaha.

Tuliondoka Salzburg saa moja na robo usiku. Dakika chache tu, treni ikasimama Freilassing na haikuondoka. Milango ikafunguka, baridi ikaingia, nyuma yake wakaingia polisi wanne. Walikuwa na tochi ndogo na hawakuwa na haraka. Afisa wa kike akafika kwetu: "Ausweis, bitte." Kitambulisho, tafadhali. Dada akavuta kipochi chake cha kuhiji, akapewa pasipoti yake sekunde kumi baadaye na asante juu. Mbrazili ana uraia wa Italia kwa babu yake, akatoa kitambulisho, akapita. Mimi nikatoa kadi ya shule ya lugha. Ile yenye picha nikicheka kama nimeshinda bahati nasibu.

Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele. Akauliza pasipoti iko wapi. Nikamwonyesha simu. Nyeusi. Sasa cheka na hili kabla sijaanza kulia: siku mbili kabla ya mtihani wa B1, Kijerumani chote kilinihama. Nilikuwa nimemeza kurasa nzima za namna ya kuomba kwa adabu kubadilishiwa koti dukani, lakini kitabuni hamkuwa na somo la kutelemshwa kwenye treni. Akaniuliza, "Woher kommen Sie?" Alikuwa anataka kujua natokea wapi usiku ule. Mimi kusikia swali la somo la kwanza nikashukuru Mungu, nikamwaga: natoka Tansania, nina miaka ishirini na minne, napenda kuogelea na kusoma vitabu. Mwenzake aliyekuwa nyuma aligeukia dirishani. Mabega yalikuwa yanacheka.

Nikaambiwa nishuke. Dada wa Nairobi akasimama ashuke na mimi, nikajifanya dume: "Nendeni, nitawakuta." Milango ikafunga. Niliziona taa nyekundu za nyuma za ile treni zikiishia kwenye theluji, na ndipo nikakumbuka tiketi imekwenda nayo.

Nataka niwe mkweli kwa wale polisi, kwa sababu humu kuna watu wakisikia polisi wanataka kusikia nimepigwa. Hawakunigusa, hawakunipigia kelele. Kulikuwa na familia mbili mbele yangu na zamu yangu haikufika upesi, basi. Nikachukuliwa alama za vidole. Nikapekuliwa begi: kikombe cha Kinderpunsch, mkate wa tangawizi, kitabu cha sarufi. Wakanipa chaja. Simu ilipowaka nikawaonyesha ile picha kwa fahari, na yule afisa wa kike akanieleza polepole, kama anayemwelekeza bibi kizee njia ya hospitali, kwamba picha si pasipoti. Ilisaidia kitu kimoja tu: namba, wakaitumia kunitafuta kwenye mfumo. Kisha akauliza, "Na viza?" Nikasogeza picha kushoto. Paka wa jirani. Nikasogeza kulia. Kinderpunsch.

Hili ndilo ninalotaka liingie kichwani mwako, mengine yote ukiyasahau mimi sina neno. Wewe uko hapa kwa viza ya taifa, aina D. Hiyo viza si kitu kinachoelea hewani wala haimo kwenye kompyuta ya shule. Ni karatasi iliyogandishwa ndani ya pasipoti. Ukiacha pasipoti umeacha vyote viwili kwa mpigo. Ukisimama pale Freilassing bila hicho kijitabu, kwa macho ya anayekukagua wewe ni mtu anayeingia Ujerumani bila hati na bila viza, na kazi ya kuthibitisha kinyume chake ni yako, kwa Kijerumani, usiku. Na kwa wale ambao mmeshapata kadi ya ukaazi ya plastiki msianze kuringa: kadi inasafiri na pasipoti. Moja bila nyingine ni nusu. Viza hiyo ya D inakuruhusu kutembea nchi nyingine za Schengen, mpaka siku 90 katika kila siku 180, wala Salzburg hukukatazwa. Umekatazwa kwenda mikono mitupu. Na kama viza imeisha na umepewa kikaratasi cha kusubiria kadi, wewe ndiyo usivuke kabisa kabla hujaiuliza ofisi ya wageni iliyokupa, usimuulize mtu wa WhatsApp.

Saa tano na dakika arobaini usiku wakaniachia. Treni ya mwisho ya Munich ilikuwa imeshaondoka. Tiketi sina, na hata ningekuwa nayo, Bayern-Ticket inakufa saa tisa usiku. Nikakaa sitesheni mpaka alfajiri. Nilikuwa nimevaa raba za turubai, kwa sababu Balozi huyo huyo alisema buti ni za watalii. Nilihesabu matofali. Nilisoma sarufi kwa mwanga wa mashine ya tiketi, mpaka leo vitenzi vyenye viambishi vinavyotengana nikiviona nasikia ganzi. Kidole changu kidogo cha mguu wa kushoto kiliwasha, kikauma, halafu kikanyamaza. Kunyamaza ndiko kubaya. Daktari alisema baadaye kwamba hakitakatwa, ila kila majira ya baridi kitakuwa kinanisalimia. Kinanisalimia.

Jumapili homa. Jumatatu ya mtihani nilikuwa kitandani natetemeka chini ya mablanketi matatu na sauti imekauka, mtihani ambao sehemu yake moja ni kuongea. Ada ya mtihani, zaidi ya yuro mia mbili, ikaenda na maji, kwa sababu nilipeleka cheti cha daktari siku moja baada ya muda wao. Tarehe nyingine ikapatikana Februari, kulipa upya, na viza yangu ilikuwa inahitaji hicho cheti cha B1 ili iongezwe. Miezi miwili nimeishi kama mwizi anayesubiri hukumu. Faini nayo ikaja kwa posta. Kiasi sikitaji, mama yumo humu jukwaani kwa jina la bandia na anaamini Jumamosi ile nilishinda maktaba.

Sasa Balozi. Nilimpigia Jumatano. Nikamweleza yote, kidole, mtihani, paka wa jirani. Unajua alisema nini? "Aah, mimi nimevuka pale mara mia, hawajawahi kunisumbua." Nikamuuliza huwa anawaonyesha nini. "Kitambulisho changu." Kipi? "Cha Ujerumani." Jamaa ni raia! Alibadili uraia zamani, ana kile kitambulisho cha kadi kinachokaa kwenye pochi pamoja na kadi ya benki, hajabeba pasipoti kwenda Austria tangu enzi hizo kwa sababu haihitaji. Hakunidanganya hata neno moja. Alinipa ushauri wa kweli kabisa wa mtu mwingine. Miaka kumi na saba, na hajawahi kujiuliza kwamba hawa madogo anaowarushia sauti za sekunde tisa wana hati gani mfukoni. Nikiwa na hasira husema aliniingiza mkenge. Nikipoa najua niliingia mwenyewe, kwa miguu, na raba za turubai. Leo sijapoa.

Kwa hiyo mkuu, huyo mwenyeji wako, kabla hujamwamini neno lingine, muulize swali moja: wewe ukivuka unaonyesha nini? Akisema kitambulisho cha Kijerumani, mshukuru, mkaribishe chai, ushauri wake weka kando. Picha piga, tena piga kurasa zote mbili, mtumie na mtu mmoja unayemwamini, iwe nyongeza tu. Wasiwasi wako wa kuibiwa ni wa haki, soko lile watu wanasukumana kama stendi ya mabasi mkesha wa sikukuu. Ndiyo maana nimesema mfuko wa ndani wenye zipu. Sisemi begi la mgongoni, wala mfuko wa nyuma wa jinzi. Au nunua kipochi cha shingoni. Wa kukucheka mimi simo tena.

Tiketi: kama una Deutschlandticket, hizi za mwezi zilizoanza Mei 2023, inakufikisha mpaka Salzburg Hauptbahnhof, sitesheni kuu, kwa treni za mikoa bila kuongeza kitu. Kama huna, Bayern-Ticket, siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, Jumamosi haina shida hiyo. Usipande nayo treni za mwendo kasi. Na kila mtu awe na nakala ya tiketi kwenye simu yake, au ichapishwe, tena simu ikae kifuani ndani ya nguo, siyo mfuko wa nje.

Mozart alizaliwa Getreidegasse namba 9, nyumba ya njano, mwaka 1756. Kuingia sikuingia, nilikuwa ngomeni naua betri, kwa hiyo hapo sina la kukwambia. Kulikuwa na swali lingine la chakula nadhani, na viatu, hao wa soksi watakusaidia.

Asubuhi ile ya Jumapili nilipofika hosteli nilifungua sanduku kabla ya kuvua koti. Ilikuwa pale pale nilipoiacha, chini ya fulana, karibu na bomba la joto la ukutani. Nikaishika. Ilikuwa ya moto kama andazi.

Haya, umeshaitoa? Andika hapa chini "iko kotini" nione, vinginevyo Jumamosi nitakupigia saa kumi na moja alfajiri.